Ujiji kwa Miguu: Anza Ziwani, Makumbusho Yasubiri

Mara ya kwanza nilipokwenda kutalii Ujiji, mji wa zamani kando ya Ziwa Tanganyika, nilifanya kosa ambalo bado naliona likifanywa kila wiki. Nilipanda bodaboda Kigoma mjini saa sita mchana, jua la utosi, nikamwambia kijana anipeleke kwa Livingstone, yaani makumbusho ya yule msafiri Mzungu aliyekutwa hapa na mwenzake Stanley. Akanishusha getini. Nikalipa kiingilio, nikazitazama zile sanamu mbili za wazungu wanaosalimiana, nikapiga picha, nikatoka. Dakika ishirini. Bodaboda alikuwa ananisubiri nje, injini haijapoa. Njiani nikawa najiuliza: ndiyo hiyo tu?

Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda Ujiji na macho ya Kilwa. Mtu aliyezoea magofu ya pwani anategemea kuta za mawe ya matumbawe, mihrabu, makaburi yenye nguzo. Huku hakuna. Ujiji ya zamani ilijengwa kwa udongo, miti na nyasi, na udongo ukiachwa mvua tatu nne hurudi ulikotoka. Kilichobaki ni miembe, mitaa, asili za watu na ufuko uliohama. Vyote hivyo havionekani ukiwa juu ya pikipiki. Vinataka miguu, na vinataka mpangilio. Huu hapa ni mpangilio ninaoutumia nikipata wageni. Unachukua siku moja nzima, asubuhi Ujiji na jioni Kigoma.

Kabla ya kutoka

Tuanze na saa. Kigoma ipo magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 40 baada yao. Saa 12 asubuhi, wakati Kariakoo watu wameshaanza kupigana vikumbo, huku bado giza. Usijitese kuamka alfajiri mbichi. Panda daladala karibu na saa 1, utafika Ujiji kumepambazuka na mitumbwi ya usiku inaingia. Faida ya jambo hili utaiona jioni, maana jua la Kigoma halina haraka ya kuzama.

Angalia na mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, na wavuvi wengi hupumzika. Ukienda siku za mwezi mpevu utaukuta mwalo, ufuko wanaoshukia wavuvi, umelala, nyavu zimeanikwa, watu wanashona. Nayo ni picha nzuri, ila siyo uliyoifuata.

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, kutembea ni rahisi, vumbi tu. Kuanzia Novemba mvua za Kigoma hazipigi hodi, na vichochoro vya Ujiji vinageuka tope linaloshika kandambili na kukataa kuziachia. Hata hivyo huo ndio msimu wa maembe, na kula embe la Ujiji chini ya mwembe wa Ujiji ni sehemu ya ziara. Mimi ningechagua mvua. Wengi hawatakubaliana nami.

Nguo: Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu zama za misafara. Gauni au suruali ya heshima, mtandio kwa mwanamke si lazima lakini unafungua milango. Kaptula ifikie magoti. Ijumaa mchana usipange kuongea na mzee yeyote, yupo msikitini. Beba hela ndogo ndogo, noti ya elfu kumi asubuhi kwenye daladala ni ugomvi na konda. Maji, kofia, viatu vilivyofunga. Basi.

Hatua ya kwanza: shuka barabarani, usishuke getini

Kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji ni kilomita kama nane, daladala zinapita Mwanga. Mwambie konda akushushe penye njia ya kuteremkia makumbusho. Bodaboda watakuja mbio: "Kwa Livingstone, bosi?" Washukuru, endelea kwa miguu. Mtaa unaoteremka kuelekea ziwani umepewa jina la huyo huyo Livingstone, kwa hiyo huwezi kupotea.

Sasa punguza mwendo. Tazama nyumba. Ukitoka Kasulu au Kibondo, kwenye Buha ya vilima na migomba, utagundua haraka kwamba hapa mambo ni mengine. Nyumba zinatazama mtaa. Mbele kuna baraza, na baraza ina watu. Kofia za vitambaa, kanga, birika la kahawa chungu, bao la mbao lenye mashimo yaliyong'arishwa na vidole. Ukifumba macho na kusikiliza Kiswahili kinachoongewa, ungesema upo Bagamoyo. Bagamoyo iko zaidi ya kilomita elfu moja mashariki, na kwa karibu karne nzima kilichoiunganisha miji hii miwili kilikuwa ni miguu ya watu.

Hiyo ndiyo maana ya Ujiji. Ilikuwa kituo cha mwisho cha msafara bara, na kituo cha kuvukia kwenda Manyema, Kongo ya mashariki. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa ziwa hapa, wakapelekwa Tabora, kisha pwani. Wafanyabiashara wakubwa wa pembe na watumwa, kina Tippu Tip na Rumaliza, walikuwa na nguvu zao hapa. Njia hiyo nzima imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia huko UNESCO tangu 2006, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Hatua ya pili: kaa barazani

Hii watu wanairuka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Tafuta baraza yenye wazee na kahawa. Usianze na simu mkononi. Anza na shikamoo.

Mara ya mwisho nilikuwa na wageni wawili kutoka Morogoro. Tukakuta wazee watatu kwenye bao, wa nne anatazama tu na kukosoa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Mimi ni wa hapa hapa Kigoma, babu. Hawa wageni wangu, nawatembeza Ujiji."

"Mnakwenda kwa Livingstone?"

"Tunakwenda ziwani kwanza."

Yule mkosoaji akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali. Wenzenu wote wanakimbilia kwa yule mzungu, sisi wanatupita kama magogo."

Tukaagiza kahawa ya wote. Kikombe kidogo kisicho na sikio, unakishika kwa ncha za vidole na kubadilisha mikono kwa sababu ya moto. Nusu saa baadaye wageni wangu walikuwa wamesikia habari za ukoo uliotoka ng'ambo, wa bibi aliyevuka ziwa akiwa mgongoni, wa ngoma zilizokuwa zikichezwa na zikaachwa. Hakuna kibao chochote mjini kinachoyaeleza hayo.

Namna ya kuuliza ndiyo ufunguo. Usiulize "Livingstone alikaa wapi?", hilo wanaulizwa kila siku na jibu wanalitoa kama kasuku. Uliza: "Wazee wenu walitokea upande gani?" Wengi watakutajia Manyema. Waliokuja kutoka ng'ambo walikuja kwa njia nyingi: wapo waliokuja wapagazi, wapo waliokuja askari wa misafara, wafanyabiashara, na wapo walioletwa kwa nguvu. Wote hao leo ni watu wa Ujiji. Kwa hiyo kamwe usimuulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Nimeona kijana mmoja mwenye kamera akiuliza hivyo, baraza nzima ikanyamaza, na bao likaendelea kana kwamba hayupo. Akitaka kusema atasema mwenyewe, kwa maneno yake.

Picha ni baada ya ruhusa. Kahawa unalipa wewe, na wala usitangaze.

Hatua ya tatu: soma miembe

Ukiendelea kuteremka anza kuitazama miembe. Siyo ile midogo ya uani, ile mikubwa, ambayo shina lake watu wawili wakishikana mikono ndio wanalizungusha. Karibu kila mtu atakwambia kwamba ilitokana na kokwa walizotupa watumwa njiani. Sipingi kwamba kokwa zilitupwa. Mtu mwenye njaa akipewa embe atalila na kutupa kokwa. Lakini kokwa iliyotupwa haioti kwa mstari. Popote utakapoona miembe mikongwe imesimama kwa nafasi sawa sawa kama askari wa gwaride, ujue kuna mtu aliipanda kwa makusudi, akataka kivuli cha msafara kupumzikia.

Na mwembe wenyewe ni mgeni. Asili yake ni upande wa India. Uliingia pwani kwa majahazi, ukaingia bara na misafara. Ndiyo maana kwenye njia ile ya zamani, kuanzia Tabora, miembe mikubwa ni alama ya kituo. Mtu wa zamani angeiona kwa mbali na kujua maji na mapumziko yapo karibu. Gofu la Ujiji lina majani, kila mwaka linazaa, na watoto wanalipiga mawe kuangusha maembe.

Hatua ya nne: pita geti la makumbusho, nenda mpaka majini

Utaliona geti. Usiingie. Mlinzi akishangaa mwambie unarudi. Kutoka hapo teremka dakika chache tu mpaka mwaloni.

Saa 2 asubuhi mwalo wa Ujiji una kelele za kupendeza: mitumbwi inavutwa kwa wimbo, akina mama wanapanga bei na ndoo vichwani, dagaa wanamwagwa chini kama fedha. Tembea pembeni pembeni, usisimame njiani pa wachukuzi, hawana breki. Kisha watafute mafundi mitumbwi. Ujiji inaunda maboti ya mbao tangu zamani na hadi leo utakuta mbavu za chombo zimesimama mchangani kama mzoga wa mnyama mkubwa.

Ukimkuta fundi anatia kalafati, simama hapo umtazame. Ana uzi mnene wa pamba aliousokota mwenyewe na kuulowesha mafuta. Anaupachika kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaweka patasi butu juu yake, anagonga mara mbili tatu kwa nyundo ya mbao, anasogea nusu shubiri, anagonga tena. Sauti ikiwa ya wazi, tok, pamba bado haijashika. Ikiwa nzito, dup, imejaa. Nilimuuliza mmoja anajuaje pa kuacha, akasema mbao ndiyo inamwambia yatosha. Boti likiingia majini pamba inavimba, mwanya unajifunga wenyewe. Kazi hiyo huwezi kuiona makumbusho, kwa sababu bado inafanywa.

Sasa geuka uangalie ulikotoka. Kutoka ukingo wa maji, hesabu hatua zako ukipanda kurudi mpaka geti la makumbusho. Usiache, hesabu kweli kweli. Wageni huniona kichaa, lakini hesabu hiyo ndiyo inayoeleza Ujiji ilifanywa nini.

Siku za Livingstone ziwa lilikuwa karibu zaidi na mji. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Katikati ya karne ya 19 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Cameron, msafiri Mwingereza, aliuona mwaka 1874. Stanley aliporudi 1876 aliukuta bado umeziba, na maji ya ziwa yanazidi kupanda. Mwaka 1878 hivi maji yakauzibua mdomo huo. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka takribani mita 10.

Mita 10 kwenda chini, kwenye mwamba wa Kigoma, ni kitu kidogo. Boti linafunga pale pale. Lakini Ujiji ufuko wake ni tambarare. Hapa mita 10 za kina ni mamia ya mita za mchanga. Bandari ikaukimbia mji. Wajerumani walipotafuta mahali pa kumalizia reli, Ujiji yenye watu na soko na sifa ikaachwa, ikachukuliwa ghuba ya Kigoma yenye maji ya kina na vilima vya kuzuia upepo. Wazee wa Ujiji wakilalamika kwamba Kigoma iliwanyang'anya mji, usicheke. Ila mwizi wa kwanza alikuwa Lukuga.

(Miaka ya karibuni, tangu 2020 hivi, ziwa limepanda tena na kula nyumba na miti ya pwani sehemu nyingi, Kibirizi ikiwemo. Kwa hiyo hesabu yako ya hatua na yangu huenda zisilingane.)

Hapa mwaloni usiogelee. Ukitaka kuoga ziwa, siku nyingine nenda upande wa Katonga, kwenye fukwe za Jakobsen.

Hatua ya tano: sasa ingia makumbusho

Sasa una mji mzima kichwani, ingia. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, dai risiti, na mchukue mwongoza wageni hata kama unadhani unaijua hadithi. Ndani kuna picha za misafara na biashara ya utumwa, na zile sanamu za Stanley na Livingstone, kofia juu, mikono mbele. Nje, chini ya miembe, kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyochongwa na msalaba ndani yake. Mwembe wa siku ile ulishakufa. Mikubwa iliyopo ni vizazi vyake.

Mnara unataja 10 Novemba 1871 kuwa siku Stanley alipokutana na Livingstone. Muulize mwongozaji kuhusu tarehe hiyo, atafurahi kukutana na mtu aliyesoma. Ni hesabu ya Stanley, na haikubaliani na ya Livingstone. Homa na safari ndefu ziliwavuruga wote wawili, na wanahistoria wengine hurudisha siku hiyo nyuma mpaka mwishoni mwa Oktoba. Hata lile neno maarufu la salamu, la "Dk. Livingstone, nadhani?", lina mashaka: kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu kukutana kwao zilichanwa. Nani alizichana, na kwa nini? Bishaneni chini ya mwembe, ndiyo kazi ya mwembe.

Mimi lakini huwa nawauliza wageni swali lingine. Katika sanamu zile, nani hayupo?

Hayupo Susi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza wa upande wa Livingstone kumsalimia alikuwa Susi, aliyejipenyeza katikati ya watu, kisha akatimka mbio kumwambia bwana wake. Ni Susi huyo huyo, pamoja na Chuma na wenzao, ambao Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliukausha mwili wake na kuubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Hayupo pia Mbarak Bombay, kiongozi wa misafara, na huyu ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Alikuwa Myao, akatekwa mtoto, akauzwa India, akarudi Afrika mtu huru. Februari 1858, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipolifikia ziwa hili, Burton alikuwa hawezi kutembea na Speke macho yamevimba haoni. Burton aliona mstari unaong'aa chini kule, akauliza ni nini. Aliyemjibu kwamba anadhani yale ni maji alikuwa Bombay. Vitabu vikaandika kwamba Burton na Speke ndio "waliogundua" ziwa! Mwaka 1871 Bombay akaja Ujiji tena, safari hii na msafara wa Stanley. Februari 1874 akaja mara ya tatu, na Cameron. Wazungu wakabadilika, yeye yule yule. Ukisimama pale kwenye sanamu, mpangie nafasi yake, upande wa kulia nyuma kidogo ya Stanley, mtu mfupi mwenye bunduki. Picha inakamilika.

Saa moja inatosha humo ndani. Ukifuata mpangilio huu utakuta ni saa moja tamu, na siyo dakika ishirini zangu.

Hatua ya sita: kula

Mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo, dagaa waliokaangwa kwa mawese. Kula Ujiji au Mwanga, popote penye moshi na foleni. Mgebuka uwe wa leo. Macho yake yawe maangavu, siyo ya maziwa. Nimemaliza.

Hatua ya saba: Kigoma, mwisho wa reli

Rudi Kigoma mjini saa 9 hivi, jua likilegea. Teremka barabara ya Lumumba mpaka chini kabisa na utakutana uso kwa uso na stesheni. Simama mbali kidogo kwanza. Kwa mji uliokuwa kijiji cha wavuvi, jengo lile ni la kushtua: ghorofa, paa la mwinuko, matao, limekaa kama limesahauliwa hapo na mji mwingine. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, na Februari 1914 wakagusa ziwa hapa, kilomita 1,250 hivi. Miezi sita baadaye vita ikaanza.

Kupiga picha stesheni au bandarini, omba ruhusa ofisini kwanza. Si ukali, ni kanuni, na kunyang'anywa simu kutakuharibia siku. Kuna na jengo la Kaiser kule kilimani, ambalo watu watakuhadithia kwamba lina handaki linalotokea stesheni. Kila mtu anamjua mtu aliyeliona, sijampata aliyepita. Ni jengo la serikali, litazame kwa mbali.

Kisha uliza habari za Liemba. Hali ya meli hiyo hubadilika, mara ipo kazini, mara ipo kwenye ukarabati, na kuingia bandarini ni kwa idhini. Lakini hata kuiona kwa mbali kunalipa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, kwa treni mpaka hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakiwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini mafuta ya grisi kana kwamba wanaiweka akiba. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Ndiyo gofu pekee ninalolijua lililozama, likaibuka na kuanza kukata tiketi.

Kwa machweo panda sehemu yoyote ya juu inayotazama ghuba. Milima ya Kongo itajitokeza ng'ambo, buluu juu ya buluu, na zile dakika 40 ulizodaiwa asubuhi zinarudishwa sasa. Giza likiingia subiri kidogo: taa za wavuvi zinaanza kuwaka moja moja majini, mpaka unadhani kuna mji mwingine kule katikati.

Ukibaki na siku moja zaidi

Usikimbilie Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, Gombe inataka siku zake na bajeti yake. Badala yake kata tiketi ya treni ya kwenda Tabora, hakikisha siku zake stesheni kwa sababu ratiba hubadilika, na usipande bila shuka, usiku una baridi. Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji 27 Desemba 1871, kwanza kwa mitumbwi kuelekea kusini, kisha kwa miguu, wakafika Kwihara nje kidogo ya Tabora 18 Februari 1872. Siku 53. Nyumba waliyokaa, tembe la udongo lenye paa bapa, imejengwa upya na inaonekana hadi leo. Humo Livingstone alibaki peke yake mpaka Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Omba kiti cha dirishani. Treni ikipita Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha tangu kabla ya msafara wowote, mwamshe mwenzako.